Miraa, Pombe na Nyumba Zetu

Haya ndiyo maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wazee, wazazi na vijana wa Isiolo juu ya madhara ya vileo. Tumeyachapa ili yasomwe pia na wale ambao hawakuhudhuria.



Nimeombwa niseme nanyi juu ya vileo. Neno hili si geni, na huenda wengine wamekwisha kusema mioyoni mwao, "Huyu naye amekuja kutukemea." La, sikuja kukemea. Mtu akikemewa huinamisha kichwa, na mkemeaji akiisha kuondoka yeye huinuka akaenda pale pale alipokuwa akienda. Nimekuja ili tufanye hesabu pamoja: ni kitu gani kiingiacho katika nyumba zetu, na ni kitu gani kitokacho. Hesabu ikiisha, kila mtu ataamua mwenyewe, maana kila mtu ana akili zake.

MJI WA NJIAPANDA

Isiolo ni mji wa njiapanda. Itazameni barabara yetu. Akina mama hupakia madumu ya maziwa ya ngamia katika mabasi yaendayo Nairobi, na maziwa hayo huuzwa Eastleigh. Kazi hii ya akina mama, kama wale wa chama cha Anolei, imesomesha watoto wengi. Barabarani humo humo huja magari ya miraa kutoka vilima vya Nyambene, kutoka Maua, Laare na Mutuati, yakienda mbio kuelekea Marsabit na Moyale. Tena kutoka upande wa mpaka wa Ethiopia hupitishwa kwa siri bangi ambayo watu wa mitaani huiita Shashamane.

Mji wa njiapanda hupata riziki kwa kila kipitacho, lakini kila kipitacho huacha kitu nyuma. Vumbi la magari huanguka juu ya nyumba zetu, si juu ya nyumba za wenye magari. Kadhalika vileo vipitavyo hapa havipiti vyote. Vingine hushuka, vikakaa, vikatafuta watoto wetu.

Wala jambo hili si la Isiolo peke yake. Mwaka 2022 NACADA, idara ya serikali inayoshughulika na ulevi na dawa za kulevya, ilichunguza nchi nzima. Ilionekana kwamba katika kila Wakenya sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia kileo cha namna fulani. Jumla yao yapata watu 4,700,000. Wanywao pombe ni mmoja katika kila wanane, yaani kama watu 3,200,000. Watafunao miraa ni mmoja katika kila 28, na wavutao bangi ni mmoja katika kila 53. Sasa fikirini: kaunti yetu yote ya Isiolo, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 268,002 tu. Basi wanywao pombe katika Kenya wangejaza kaunti kama yetu mara kumi na moja, na kusazwa wengine.

SHERIA YA MWAKA 1945

Wazee waliohadithiwa na baba zao watakumbuka kwamba miraa ilipata kukatazwa hapa. Isiolo ilikuwa makao makuu ya wilaya za mpaka wa kaskazini wakati wa utawala wa Kiingereza, na mwaka 1945 serikali ile ilitunga sheria ya kuizuia miraa katika wilaya hizo. Mwaka huo huo daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Dr. Carothers, aliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki kwamba miraa yaweza kumtia mtu wazimu.

Je, miraa ilikoma? Haikukoma. Huko Meru ililimwa na kuuzwa kama kawaida, na kutoka Meru hata hapa si mwendo mrefu. Lililofungwa mchana likapita usiku. Wenye kuitaka hawakuulizwa sababu ya kuitaka, na wenye kuiuza hawakuonyeshwa kazi nyingine. Sheria ilitoka juu, lakini barazani haikupata mtetezi.

Natoa habari hii kwa sababu kila mwaka nasikia watu wakisema, "Serikali na ipige marufuku, basi yaishe." Serikali ina kazi yake, nami sitaidharau. Katika Tanzania miraa, wanayoiita mirungi, imekatazwa. Uingereza nayo iliikataza mwezi wa Juni 2014. Lakini Kenya miraa ni zao halali, na hata kama ingekatazwa kesho, askari hawezi kukaa katika kila nyumba. Mlinzi wa nyumba ni mwenye nyumba.

MIRAA KATIKA MWILI WA MTU

Sasa tuseme kweli juu ya miraa, maana uongo haumwongoi mtu. Miraa si sumu ya kumwua mtu kwa siku moja. Ndugu zetu Wameru wameijua kwa vizazi vingi. Huitumia kwa heshima katika kuposa na katika kupatanisha watu, na zamani ilikuwa ya wazee, si ya mtoto wala ya kijana asiye na kazi. Desturi ile ilikuwa na ua: palikuwa na wakati wake, kipimo chake na watu wake. Leo ua umevunjika, na kila apitaye huingia.

Ndani ya majani yale mabichi mna kitu ambacho wataalamu walikigundua mwaka 1975 na kukiita kathinoni. Hicho ndicho kimfanyacho mtu awe macho, aseme sana, asihisi njaa wala uchovu. Kitu hicho hupotea upesi matawi yanaponyauka, na baada ya siku mbili hivi nguvu yake imepungua sana. Ndiyo sababu miraa hufungwa katika majani ya mgomba, na ndiyo sababu magari yake hukimbia kama yanayofukuzwa.

Lakini uchovu usiohisiwa haukuondoka, umefichwa tu. Ni kama mtu afunikaye jipu kwa kitambaa safi. Moyo hupiga mbio, na damu hupanda. Usingizi hukimbia. Tumbo hufunga choo. Kinywa hufanya vidonda, na meno huharibika, hasa kwa wale watafunao huku wakinywa soda na kula peremende mfululizo. Chakula hakitamaniki, na mwili hudhoofika. Kwa baadhi ya watu, hasa wale wazidishao au wenye ugonjwa wa akili tangu mwanzo, huja hofu, kusikia sauti zisizokuwapo, na kudhani kwamba kila mtu anamtafuta amdhuru.

Kisha kileo kimoja huita kingine. Mtu amekesha kwa miraa, naye ataka kulala. Usingizi haumjii. Hunywa pombe ili ashuke, au humeza vidonge vya usingizi alivyouziwa dukani bila cheti cha daktari. Asubuhi huamka mzito, akaitafuta miraa imwamshe. Hivyo huwa kama ng'ombe wa kinu, azungukaye siku nzima bila kufika mahali.

HABARI YA DEREVA

Nilikuwa na rafiki yangu, dereva wa lori. Jina lake sitalitaja, maana ana watoto. Alikuwa mtu mwema na hodari. Alianza kutafuna ili awe macho katika safari za usiku, wakati barabara ya kaskazini ilikuwa mawe na vumbi na gari lilikwenda polepole. Lami ilipofika mpaka Moyale, safari ikawa fupi, na tajiri wake akataka safari ziongezeke. Naye akaongeza miraa.

Siku moja, baada ya kukesha usiku wa tatu, alikuwa akirudi kusini. Karibu na Archer's Post usingizi ule aliokuwa akiukopa ukaja kudai deni lake lote mara moja. Hakumbuki kitu ila kwamba aliona barabara imenyooka. Lori lilianguka. Yeye alitoka mzima. Utingo wake, kijana wa miaka 20, alikatwa mguu.

Nilimtembelea baadaye. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Miraa haikunilaza, ndugu yangu. Ilinidanganya kwamba sina haja ya kulala." Madereva mlioko hapa, lichukueni neno hili. Dawa ya usingizi ni kulala.

POMBE NA SUMU YAKE

Juu ya pombe nitasema kwa ufupi, lakini hapa pana kifo cha haraka.

Mwezi wa Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, watu zaidi ya mia moja walikufa kwa pombe waliyoiita kumi kumi, kwa kuwa glasi iliuzwa shilingi kumi. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache tu, Embu na Kiambu zikiwamo. Mwezi wa Februari 2024 msiba ulifika Kirinyaga. Mara hizi zote watu walikufa kwa pombe yenye sumu, na sumu ya pombe za namna hii mara nyingi ni methanoli, spiriti ya viwandani ambayo wauzaji wenye tamaa huichanganya ili pombe iwe kali na wapate faida.

Methanoli haina harufu wala ladha ya kumwonya mnywaji. Hulewesha kama pombe nyingine. Hatari yake huja baadaye, huenda saa 12 au hata siku nzima ikiisha kupita. Kichwa huuma, tumbo hukata, mtu hutapika, pumzi huenda mbio, na macho huona kama katika ukungu. Wengine hupofuka, na wengine hufa. Tafadhali shikeni neno hili: mtu aliyekunywa akianza kulalamika kwamba haoni vizuri, msiseme "Mwacheni alale, pombe itamtoka." Mpelekeni hospitali saa ile ile. Dawa ipo, lakini haimngoji mchelewaji. Wala msiogope kusema alikunywa nini. Daktari hakamati mtu.

Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18. Imeweka saa za baa: siku za kazi kuanzia saa kumi na moja jioni hata saa tano usiku, na mwisho wa juma na siku za sikukuu kuanzia saa nane mchana. Hata chang'aa haikuachwa huru. Sheria hiyo huiruhusu ikiwa tu imetengenezwa kwa leseni na kwa kipimo kilichowekwa. Chang'aa ya kichochoroni, iliyotiwa katika chupa ya maji, haimo katika ruhusa hiyo. Na bangi imekatazwa kabisa kwa sheria ya mwaka 1994, anayeivuta na anayeiuza. Kijana apewaye mzigo autie katika basi, akaambiwa usiufungue, na ajue kwamba akikamatwa atafungwa yeye, na mwenye mzigo hatamjua.

Neno moja kwa mama zangu: mwanamke mwenye mimba akinywa pombe, mtoto aliye tumboni hunywa pamoja naye. Anaweza kuzaliwa na kasoro ya akili au ya mwili ambayo haina dawa.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa tufanye ile hesabu niliyoahidi. Tuseme mtu anatumia shilingi 300 kwa siku kwa miraa, pamoja na soda na sigara zake. Wengine hutumia zaidi, wengine chini ya hapo. Kwa siku 30 ni shilingi 9,000. Kwa mwaka mzima ni shilingi 109,500. Mwenye kuchunga na ahesabu ni mbuzi wangapi. Mwenye mtoto wa sekondari na ahesabu ni karo ya muhula mingapi. Kisha ahesabu na saa zake: alasiri yote mpaka usiku wa manane, mwaka mzima, ni saa ngapi alizokaa barazani akijenga maghorofa kwa maneno, na mkewe yuko nyumbani akipika uji bila maziwa?

Lakini tusiwahukumu vijana bila kutazama walikotoka. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 mvua ilikosa kunyesha misimu mitano mfululizo. Ng'ombe walikufa, mbuzi walikufa, na hata ngamia walikonda. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe 60 wa baba yake huko Merti au Garbatulla alikuja mjini na fimbo yake tu. Mjini hakupata kazi, akapata baraza. Barazani hapakuwa na mtu wa kumwuliza habari za ng'ombe wake waliokufa, ila alipewa tawi la miraa, na kwa saa chache alisahau. Ndugu zangu, mtu wa namna hii ukimnyang'anya tawi bila kumpa kitu mkononi, atatafuta kitu kibaya zaidi.

Wala tusiwasahau wauzaji. Najua pana wajane katika mji huu ambao meza ya miraa ndiyo shamba lao na ndiyo ng'ombe wao. Siwaambii waivunje meza leo, watoto walale na njaa. Nawaomba jambo moja tu, nalo halitawapunguzia riziki: asiuziwe mtoto. Aliyevaa sare ya shule asiuziwe, na aliyetumwa na mkubwa arudishwe mikono mitupu, mkubwa aje mwenyewe. Mama, huyo mtoto wa mwenzako ukimrudisha leo, kesho mwenzako atamrudisha wako.

TUFANYE NINI?

Kwanza, baba na aanze. Huwezi kumkataza mtoto jambo huku shavu lako limejaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Pili, wazee wa kila kabila, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na wengineo, mrudishe ule ua. Mmezoea kuketi pamoja kwa ajili ya amani ya malisho na visima. Keteni pia kwa ajili ya jambo hili. Mwizi wa mifugo huiba usiku, nanyi hufuata nyayo zake mpaka mbali. Huyu aibaye watoto huiba mchana, na nyayo zake zaonekana.

Tatu, vijana wapewe kazi za kushika. Maziwa ya ngamia yanahitaji wachukuzi, wapimaji, mafundi wa majokofu na waweka hesabu. Mifugo yahitaji wachanjaji. Mwenye gari, mwenye duka, mwenye shamba la kumwagilia maji, kila mmoja na amchukue kijana mmoja amfundishe. Mmoja tu. Hatuwezi kuwaokoa wote kwa siku moja, lakini huyo mmoja ana mama.

Nne, aliyekwisha kunaswa asifanywe kichekesho. Uraibu ni ugonjwa. Mtafunaji wa miraa anayetaka kuacha, na apunguze kidogo kidogo, abadili njia apitayo na marafiki wa alasiri, ale kwanza, alale. Siku za mwanzo atakuwa mchovu, mwenye hasira na ndoto mbaya, hayo hupita. Lakini mlevi wa pombe wa siku nyingi, anayetetemeka asubuhi asipopata, asiache ghafula peke yake. Anaweza kupatwa na kifafa na kuona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa. Huyo na aende kwanza kwa daktari, aachishwe kwa dawa. Tena ipo simu ya NACADA, namba 1192, isiyolipiwa, ambako mtu hupata shauri bila kutajwa.

Wazee wangu na ndugu zangu, nimesema mengi. Yule dereva niliyewahadithia hatafuni tena. Sasa anafanya kazi katika gari la maziwa, hulala usiku, na kila mwezi humpelekea fedha utingo wake aliyekatwa mguu. Nilipomsifu alinikata maneno, akasema, "Usinisifu. Mguu haurudi."

Ndivyo ilivyo. Pana vitu ambavyo vikiondoka havirudi, hata mtu ajute namna gani. Nasi tuliokusanyika hapa, watoto wetu wengi bado wana miguu yao, macho yao na akili zao. Tukitoka hapa, kila mtu na arudi kwake, na usiku huu amwulize mwanawe: umeshindaje leo, na ulikuwa na nani? Akisha kuuliza, na asikilize jibu mpaka mwisho.